Afisa wa Wilaya na Mali ya Yatima



Ndugu zangu, swali ninalolileta mbele yenu ni hili: mtu aliyekabidhiwa mali ya umma, je, ana haki ya kujaribu jambo jipya kwa mali hiyo? Tunaposema "afisa mwaminifu", wengi wetu tunamfikiria mtu asiyeiba. Hilo ni sahihi, na wananchi wangefurahi kupata maafisa wengi zaidi wa namna hiyo. Lakini yuko afisa ambaye haibi, na wala habadilishi chochote. Anayaacha mambo jinsi alivyoyakuta, hata pale anapoona kwa macho yake kwamba watu wanaumia. Je, huyo naye ametimiza amana?

Swali hili si la wanasiasa peke yao. Wengi wetu tunaosoma hapa, wa ualimu, wa uhasibu, wa afya, wa sheria, na hata sisi wa Masomo ya Kiislamu, huenda tukaajiriwa na wilaya au manispaa. Hapa Uganda, Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ziliweka mikononi mwa wilaya shule za msingi, vituo vya afya, barabara za vijijini na maji, pamoja na uwezo wa kupanga bajeti na kutunga sheria ndogo. Kwa mwananchi wa kijijini, serikali si jengo lililoko Kampala. Ni karani wa kaunti ndogo, chifu wa parishi na mwenyekiti wa LC1. Ikiwa hao hawawezi kubuni njia bora ya kufanya kazi, hakuna mwingine aliye karibu naye wa kumbunia.

Likizo iliyopita nilikaa wiki kadhaa katika ofisi ya kaunti ndogo moja kwa mafunzo ya vitendo. Palikuwa na chifu wa parishi, kijana aliyemaliza chuo si zamani. Jambo moja lilikuwa likimchosha. Kisima cha pampu kikiharibika, mwananchi anakuja ofisini kutoa taarifa, taarifa inaandikwa katika daftari, daftari linafungwa. Baada ya wiki mbili anakuja mwananchi mwingine na taarifa ile ile. Hakuna anayejua kama fundi ameitwa, kama kipuri kimeagizwa, au kama fedha zimekwisha. Huku nyuma, kina mama na mabinti wanarudi kuchota maji bondeni pamoja na ng'ombe. Basi yule kijana alichukua karatasi kubwa, akachora safu nne kwa kalamu: jina la kisima, siku kilipoharibika, siku fundi alipoitwa, siku kilipotengenezwa. Akaibandika ukutani nje, mahali ambapo kila apitaye anaiona.

Karatasi ilikaa siku sita. Siku ya saba mkubwa wake aliibandua. Hakufoka. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, nionyeshe waraka unaosema tubandike hii. Mkaguzi akija akaniuliza, nitamjibu nini?" Jioni tukiwa tunafunga ofisi alinieleza zaidi. Amefanya kazi miaka mingi. Amewaona wenzake wakihamishwa na kusimamishwa kwa kujaribu mambo ambayo hayakufanikiwa, lakini hajawahi kumwona mtu akiadhibiwa kwa kutofanya lolote. "Mimi nalinda amana," alisema.

Simdharau mzee yule. Hakuwa mvivu, na sikuona hata siku moja mkono wake ukigusa kisicho chake. Hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini neno lake, "nalinda amana", lilinirudisha kwenye vitabu vyetu vya fiqhi, na huko nilikuta kwamba jambo hili lina pande mbili ambazo mara nyingi tunazichanganya.

Amana si ya aina moja. Ipo wadia, yaani mali ambayo mtu anakuwekea tu umtunzie. Ndugu yako anasafiri, anakuachia baiskeli yake na pesa kidogo. Kazi yako ni kuvihifadhi mpaka arudi. Ukizichukua zile pesa ukafanyia biashara bila idhini yake, hata kama nia yako ilikuwa kumzidishia, umevuka mpaka, na zikipotea utazilipa. Katika wadia, kutogusa ndio uaminifu wenyewe.

Ipo aina ya pili, nayo ni wilaya kwa maana yake ya kifiqhi, yaani usimamizi. Mfano wake ulio maarufu zaidi ni msimamizi wa mali ya yatima. Huyu hakuambiwa atunze tu. Qur'ani imemkataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora kabisa, na wanazuoni walielewa kwamba ndani ya katazo hilo mna amri: itafute iliyo bora. Imam Malik ameipokea katika Muwatta kauli ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) kwamba watu wafanye biashara kwa mali za mayatima ili zaka isizile zikaisha. Tazameni hoja hiyo ilivyo kali. Mali iliyokaa bila kuguswa haibaki ilivyo. Inapungua kila mwaka, na msimamizi anayejisifu kwamba hakuigusa atamkabidhi yatima mfuko mwepesi kuliko ule aliopokea.

Sasa, mtu mwenye cheo katika serikali ni yupi kati ya hawa wawili? Jibu limekwisha kutolewa zamani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alijifananisha mwenyewe, kuhusiana na mali ya Waislamu, na msimamizi wa mali ya yatima, na Imam Shafi'i naye amenukuliwa akiweka nafasi ya mtawala kwa raia mahali hapo hapo. Kutokana na maana hiyo ikaja kanuni ya kifiqhi kwamba kila analolitenda mtawala juu ya raia limefungwa na maslahi yao. Majalla, sheria iliyoandaliwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, iliiweka kanuni hiyo katika kifungu chake cha 58.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mzee wangu wa ofisini. Alikuwa akiilinda mali ya umma kana kwamba ni baiskeli ya msafiri. Lakini visima vile, madaftari yale na mishahara ile ni mali ya yatima. Daftari lisilomsaidia mtu, akiliacha lilivyo kwa sababu ndivyo alivyolikuta, hajalinda kitu. Zaka inaila mali polepole naye anatazama.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuuliza: je, huu si mlango wa uzushi? Tumefundishwa tangu madrasa kujihadhari na mambo yaliyozuliwa. Ni kweli, na mafunzo hayo yabaki palepale. Lakini tuliweke kila jambo mahali pake. Katika ibada, asili ni kusimama mpaka dalili ije. Katika mambo ya maisha na miamala, asili ni ruhusa mpaka dalili ya kukataza ije. Mtume (s.a.w.) alikubali kuchimbwa kwa handaki kuuzunguka upande wa wazi wa Madina katika mwaka wa 5 Hijria, mbinu ya Waajemi ambayo Waarabu hawakuizoea, na kwa kauli mashuhuri ya waandishi wa sira aliyeileta ni Salman Al-Farisi (r.a.). Sayyidna Umar aliunda diwani, daftari la majina ya watu na stahili zao, na akaanzisha kalenda ya Hijria. Hakuna kati ya hayo lililokuwapo kabla. Karatasi ya visima haiongezi rakaa katika sala ya mtu yeyote.

Tena tusidhani kwamba ubunifu ni lazima uwe kompyuta na programu za simu. Mfano mzuri zaidi ninaoujua ulitokea hapa hapa Uganda, na kifaa chake kilikuwa karatasi. Katikati ya miaka ya 1990 ulifanyika uchunguzi wa shule 250 za msingi kufuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa ikiituma kwa ajili ya kila mwanafunzi. Fedha zilipitia ofisi za wilaya. Ilibainika kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki iliishia njiani, mikononi mwa maafisa wa ngazi ya wilaya. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba wana haki ya kupata kitu.

Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi cha fedha kinachotumwa kwa kila wilaya, na ikaagiza ofisi za wilaya na shule zenyewe zibandike kwenye mbao za matangazo kiasi kilichofika. Kufikia 2001, shule zilikuwa zinapokea zaidi ya asilimia 80. Wapo watafiti waliokumbusha, na ni haki kukumbusha, kwamba katika miaka ile ile kulikuwa na mabadiliko mengine, ukiwemo mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza 1997, kwa hiyo karatasi peke yake isipewe sifa zote. Nakubali. Hata hivyo, mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa alikuwa na la kuuliza, na mwalimu mkuu aliyejua alikuwa na la kudai. Kabla ya hapo hata swali halikuwapo.

Na ubao ule ulikuwa jambo jipya. Hakuna shaka kwamba mahali fulani alikuwapo karani aliyeuliza kama unaruhusiwa.

Lakini nisiwapendezeshe upande mmoja tu, kwa sababu neno ubunifu nalo limechafuliwa. Sote tumeona miradi yenye majina mapya inayozinduliwa kwa mahema na fulana, na mwaka unaofuata hakuna anayeikumbuka. Tumeona vifaa vilivyonunuliwa kwa bei ya ajabu vikilala kabatini. Kwa mwizi, jambo jipya ni fursa, maana bado halina utaratibu wa kulikagua. Msimamizi wa yatima anaweza kusema "nilifanya biashara" kumbe alikula, na Qur'ani imesema juu ya anayekula mali ya yatima kwa dhulma kwamba anakula moto tumboni mwake. Kwa hiyo mkaguzi ambaye mzee yule alimwogopa si adui. Tunamhitaji. Swali ni anakagua nini: kama kuna waraka, au kama kuna dhulma na uzembe?

Fiqhi imelipangia jambo hili kipimo. Aliye na mkono wa amana halipi kilichopotea isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Nje ya hayo mawili, hasara si dhambi yake. Mtume (s.a.w.) amefundisha pia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Ofisi inayomwadhibu aliyejaribu kwa uangalifu akakosa, sawasawa na inavyomwadhibu aliyeiba, imefuta tofauti ambayo sharia imeiweka wazi. Matokeo yake ni yale aliyoniambia mzee: kila mwenye akili anajifunza kukaa kimya.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko mahali pengine. Afisa akikosea anapata ujira mmoja, sawa. Lakini aliyeumia kwa kosa lake anapata nini? Jaribio la serikali si kama jaribio la maabara. Linafanyika juu ya watu, na mara nyingi juu ya wale wasio na pa kukimbilia.

Katika hili nakumbuka kisa cha Sayyidna Umar kilichopokewa na Ibn Sa'd. Alipopanga posho kutoka Baitul Mali, kwa watoto alianza kwa kuwapa wale waliokwisha kuachishwa ziwa. Palikuwa na mantiki katika mpango huo: mtoto anayenyonya hali chakula. Usiku mmoja alikuwa na Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakilinda msafara wa wafanyabiashara waliofika Madina, akasikia mtoto analia. Akaenda kwa mama yake akamsihi amtulize. Kilio kikarudi mara ya pili na ya tatu. Alipouliza sababu, yule mama, asimjue anayezungumza naye, alimwambia kwamba anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Alfajiri aliposalisha, watu hawakuisikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Kisha akatangaza kwamba watoto wasiharakishwe kuachishwa, na kwamba kila mtoto atapewa posho tangu kuzaliwa, akawaandikia hivyo watu wa majimbo.

Tukitafakari kisa hiki tunaona zaidi ya huruma. Posho ilikuwa jambo jipya na jema. Sharti lake lilikuwa la busara mezani, lakini nyumbani kwa watu lilizaa madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia. Umar hakuifuta posho kwa hofu, wala hakulitetea sharti kwa sababu ni lake. Alilirekebisha asubuhi ile ile, hadharani. Na aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa mahali ambapo kilio kinasikika. Kama angengoja taarifa ya mwaka, watoto wangapi wangeumia?

Kwa hiyo, kwa mtazamo wangu, ruhusa ya kujaribu inakuja na deni. Anayejaribu aanze kwa udogo: parishi moja kabla ya wilaya nzima, visima vitano kabla ya hamsini. Watu wenyewe waelezwe kinachofanyika na wawe na njia ya kusema "hapana, hili linatuumiza" bila kuogopa. Yasiyofanikiwa yaandikwe kama yalivyoandikwa yaliyofanikiwa, ili wilaya jirani isirudie kosa lile lile kwa fedha nyingine. Na palipotokea hasara kwa mtu bila uzembe wa afisa, umma uibebe. Wapo wanazuoni waliosema kwamba kosa la hakimu katika kazi yake hulipwa na Baitul Mali, si na mfuko wake, na hakika haliachwi juu ya mgongo wa aliyeumizwa.

Nchi yetu inayo tayari mahali pa kufanyia baadhi ya hayo. Tangu 2009, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kuna mpango wa mikutano ambako maafisa wa serikali za mitaa wanasimama mbele ya wananchi kueleza fedha walizopokea na kazi waliyofanya, na wananchi wanauliza. Mikutano hiyo imepewa jina la Kiswahili, baraza. Tunaoijua asili ya neno hilo tunajua kwamba baraza ni kile kikao cha nje ya nyumba, ambapo mwenye nyumba na mpita njia hukaa usawa mmoja. Kama baraza linageuka jukwaa la hotuba za wakubwa, jina limebaki na maana imeondoka. Sisi wenye elimu kidogo tunaporudi vijijini wakati wa likizo, tuhudhurie na tuulize maswali yenye tarakimu.

Kabla ya hapo, tuanze na kilicho mikononi mwetu. Jumuiya yetu hapa chuoni nayo ni serikali ndogo. Ina viongozi, ina michango ya wanachama, ina mfuko wa futari kila Ramadhani, na ina desturi nyingi ambazo jibu lake pekee ni "ndivyo tulivyokuta". Napendekeza kwa kamati yetu tukufu jambo moja dogo kwa Ramadhani ijayo: kila Ijumaa, karatasi moja ibandikwe mlangoni mwa msikiti yenye safu tatu, kilichoingia, kilichotoka, na wangapi walifuturu. Tujaribu mwezi mmoja tu. Kama italeta fitina kuliko faida, tuibandue na tuandike kwa nini. Kama itasaidia, watakaokuja baada yetu wataikuta, nao wataona kwamba mtu anaweza kubandika karatasi bila kungoja waraka.

Wengine miongoni mwetu, inshallah, watakaa siku moja kwenye kiti cha yule mzee, na kijana atawaletea karatasi yake. Wakati huo hakutakuwa na nafasi ya kufungua vitabu. Mtakalomjibu litatokana na mazoea mliyoyajenga mkiwa hapa.

Nilivyoandika kwa usahihi ni kwa tawfiki ya Allah, na penye upungufu nanasihiwe. Allah atujaalie tuwe wasimamizi wema wa vyote tutakavyokabidhiwa, na atupe masikio ya kusikia kilio kabla hakijatufikia kama taarifa. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.